Bima ya afya kwa wanafunzi tulioko Marekani: kadi unayo, sasa hii bili inatoka wapi?

Muhogo wa Barafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nimekaa humu miaka nikisoma nyuzi za wenzangu bila kuchangia, leo nalipa deni. Kila Agosti naona vijana wanaingia Marekani kwa viza za F-1 (ya mwanafunzi) na J-1 (ya mpango wa kubadilishana), na maswali ni yaleyale: I-20 (fomu ya chuo ya kuombea viza), ada, chumba, koti la baridi. Bima ya afya inatajwa mwisho kabisa, tena kwa sentensi moja: "Usijali, chuo kitakukata tu." Ni kweli kinakukata. Kinachofuata baada ya kukatwa mimi nimekijua kwa kisu.

Kisu chenyewe, siyo fumbo. Jumapili ya Novemba, mji mmoja wa Ohio, saa kumi na mbili na nusu jioni na giza limeshaingia. Nilikuwa nimepata muhogo wa kugandishwa kwenye duka la Walatino, nikashindwa kusubiri uyeyuke, nikaanza kuupasua ukiwa jiwe. Kisu kikateleza kikazama kiganja cha kushoto, chini ya kidole gumba. Taulo la jikoni likalowa chapachapa. Ninayeishi naye, kijana wa Nepal, akaniangalia mkono akasema neno moja: emajensi. Tukaita gari kwa simu, tukaenda idara ya dharura ya hospitali.

Nimekaa pale saa nne. Daktari mwenyewe alinishika mkono labda dakika 15: nyuzi nne, sindano ya pepopunda, karatasi ya maelekezo, kwaheri. Mapokezi walichukua kadi yangu ya bima, wakaipiga picha mbele na nyuma, wakasema nimemaliza. Hakuna aliyeniuliza hata senti. Mimi niliyekulia kwenye foleni za dirisha la malipo nikajiambia, kumbe huku bima ni bima! Enzi zangu chuoni nyumbani nilikuwa nalipa 50,400 kwa mwaka. Unatoa kadi, na wakikwambia dawa hii haimo unaenda kununua duka la pili. Mnamalizana siku hiyohiyo na unalala ukijua umetumia shilingi ngapi.

Wiki ya tatu bahasha zikaanza.

Ya kwanza ilitoka hospitalini: dola 2,940. Ya pili ilitoka kampuni ambayo sijawahi kuisikia: dola 680. Kumbe daktari aliyenishona siyo mwajiriwa wa hospitali ile, ni wa kampuni yake, na anadai kivyake. Jumla 3,620 kwa nyuzi nne. Kwa posho yangu ya usaidizi wa kufundisha, hiyo ni zaidi ya miezi miwili bila kula. Nililala na zile karatasi chini ya mto kama mtu aliyeandikiwa talaka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa aibu. Sikumuuliza mtu. La pili, kulikuwa na bahasha ya tatu, kutoka kampuni ya bima, nikaitupa nikidhani ni matangazo. Ilikuwa na maswali mawili tu: jeraha hili ulilipata kazini au kwenye ajali ya gari? Una bima nyingine yoyote? Wakati mimi naumwa na mawazo, madai yangu yalikuwa yamesimamishwa mezani kwao yakisubiri nijibu "hapana" mara mbili.

Nilivyokuja kupiga ile namba ya nyuma ya kadi na kujibu, mambo yakageuka hivi. Hospitali ilidai 2,940, lakini ina mkataba na bima yangu, na kwa mkataba huo huduma ile bei yake ni 1,410. Zile 1,530 zilizobaki zikafutika. Hakuna aliyezilipa, siyo mimi wala bima. Zilikuwa bei ya kutishia watoto. Kwenye 1,410, za kwanza 500 ni zangu. Zilizobaki 910, bima inalipa asilimia 80, mimi 20, yaani 182. Kwa hiyo hospitali nikadaiwa 682.

Naomba nilieleze hilo kwa maneno yetu, maana kwenye makaratasi utakuta didaktibo, kopei na koinshuransi, na yanavyotamkwa haraka kwenye simu unaweza kudhani ni majina ya wachezaji. Didaktibo ni kizingiti: kila mwaka wa bima unalipa mwenyewe mpaka ukivuke, ndipo bima ianze kuchangia. Kopei ni kiingilio, ada isiyobadilika ya kumwona daktari, kwa mfano dola 25. Koinshuransi ni mgawo baada ya kuvuka kizingiti. Halafu kuna dari: ukishalipa mwenyewe kiasi fulani ndani ya mwaka, bima inabeba yote yanayobaki, mradi ni huduma zake na uko kwenye hospitali zake. Dari hili kisheria lina mwisho. Mwaka 2025 lisingeweza kuzidi dola 9,200 kwa mtu mmoja, na bima nyingi za vyuo huliweka chini ya hapo. Ukiwa na ugonjwa mkubwa, namba ya kuisoma kwanza ni hii ya dari. Ile ya ada ya mwezi ndiyo kila mtu anaikodolea macho, na haikwambii kitu.

Bili ya daktari bado nabishana nao. Nitarudi kuwapa mrejesho.

Ila hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi: mlango unaoingilia ndio unaopanga bei. Jeraha langu lingeshonwa kliniki ya haraka, zile zilizopo kwenye maduka makubwa pembeni ya barabara. Ilikuwa wazi mpaka saa mbili usiku, kilomita mbili kutoka kwangu, na kiingilio chake kwa bima yangu ni dola 40. Nyuzi nilikuja kutolewa zahanati ya chuo, bure, na nesi akanipa na pipi.

---

Dada wa Zamu ya Usiku

Mimi ni nesi huku, mwaka wa saba sasa. Mwanzisha uzi umeeleza vizuri, niongezee kutoka upande wa ndani.

Emajensi wana ngazi tano za ukali wa ziara, na kila ngazi ina nambari yake ya kudaia, kuanzia 99281 hadi 99285. Ukiletewa bili ya jumla, omba bili ya mchanganuo, kitu kimoja kimoja na nambari yake. Ni haki yako. Nimeona mtu kaandikiwa 99285, ngazi ya mtu anayepigania roho, na alikuja na sikio linauma. Ukiona hivyo, uliza kwa upole. Wakati mwingine wanapitia upya na kushusha.

Msielewe vibaya mkaogopa emajensi. Kifua kinabana, pumzi inakata, upande mmoja wa mwili umelegea, damu haisimami, mjamzito anatokwa na damu: piga 911, usihesabu dola. Kuna sheria ya 1986 inayolazimisha emajensi za hospitali zinazopokea Medicare, bima ya serikali ya wazee, ambazo ni karibu zote, kumpima na kumtuliza kila anayeingia, awe na hela au hana. Hakuna cha "weka amana kwanza".

Na jambo letu sisi wa kutoka kwenye mbu. Umeenda nyumbani likizo, umerudi, homa inakushika. Usiseme tu "nina homa na kichwa kinauma". Utapewa dawa ya mafua na kurudishwa nyumbani, maana daktari wa huku anaweza kumaliza kazi yake yote bila kukutana na malaria. Sentensi ya kwanza iwe: nimetoka Tanzania, au Kenya, au Kongo, tarehe fulani, nataka kipimo cha malaria leo. Marekani nzima hupata wagonjwa kama 2,000 kwa mwaka na karibu wote wameitoa safarini. Hapo hata emajensi nenda.

---

Kijana wa Kisauni

Shukrani sana dadangu. Mimi nasoma Texas, natokea Mombasa. Mbona hamjataja TB? Nilipofika walinidunga ile sindano ya kwenye ngozi, wakaniambia nirudi baada ya siku mbili wasome. Mkono ulikuwa umefura kama yai! Wakanitazama ati nimekuja na kifua kikuu. Nikapelekwa eksirei, nikadaiwa pesa, na masomo wakaniwekea kizuizi nisijisajili.

---

Dada wa Zamu ya Usiku

Pole Kijana wa Kisauni. Hiyo wengi inawapata. Tulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni, lile kovu la mkononi, na chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kionyeshe kuwa unao. Omba kipimo cha damu, kinaitwa IGRA. Chenyewe hakidanganywi na BCG, na hakuna kurudi mara ya pili kusomwa. Mwambie nesi mapema kabisa, kabla hajachomoa sindano: nilichanjwa BCG.

Na mje na kadi zenu za chanjo. Vyuo vingi vinataka dozi mbili za surua, matumbwitumbwi na rubela. Usipokuwa na karatasi unachanjwa upya.

---

Profesa Maandazi

Naona mnawatisha watu. Mimi niliikataa bima ya chuo. Walitaka dola 1,150 kwa muhula, nikanunua ya mtandaoni dola 45 kwa mwezi, nikajaza fomu ya kuomba kusamehewa, wakanikubalia. Miaka miwili sijaumwa. Afya ni ya Mungu, hela ni zangu.

---

Muhogo wa Barafu

Profesa, sina ugomvi na wewe, na fomu hiyo ni halali. Kwa F-1 serikali kuu haikulazimishi kuwa na bima, chuo ndicho kinacholazimisha, na vingi vinaruhusu mbadala unaofanana na wao. Kwa J-1 ni tofauti, hapo ni masharti ya viza: angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 za kusafirishwa kwa matibabu, 25,000 za kurudisha mwili nyumbani, na kizingiti kisizidi 500. (Ndiyo, kuna bajeti ya maiti yako. Nilivyoisoma mara ya kwanza nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Waliowahi kuchangishana kwenye makundi ya WhatsApp kusafirisha mwenzao wanajua.)

Swali langu ni moja tu. Fungua ule waraka wa bima yako, tafuta sehemu ya mambo yasiyolipwa, soma inasemaje kuhusu maradhi uliyokuwa nayo kabla.

---

Binti Chuma

Profesa, ngoja nikusimulie. Nilikuwa na bima ya aina hiyohiyo. Nina pumu tangu darasa la pili. Februari baridi ilinibana, nikalazwa usiku mmoja. Bima ikaandika barua nzuri, karatasi laini kabisa: hali hii ulikuja nayo, hatulipi. Dola 11,000 na ushee.

Bima ya chuo inayofuata sheria ya afya ya 2010 haiwezi kukukatalia pumu, selimundu, kisukari wala VVU kwa sababu ulikuja navyo. Zile za bei ya chai zimetengenezwa kwa watalii, sheria hiyo haizigusi. Wanauza kadi inayofanana tu.

Nilivyotoka: hospitali ile haiendeshwi kwa faida, na hospitali za namna hiyo zinalazimika kuwa na mpango wa maandishi wa kuwasaidia wasio na uwezo. Hawakuambii mpaka uulize. Una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Kila hospitali ina vigezo vyake. Mimi nilipeleka barua ya posho, taarifa za benki za miezi mitatu na I-20. Walinipunguzia asilimia 70, kilichobaki nikalipa kidogo kidogo, dola 90 kwa mwezi bila riba. Nimemaliza mwaka jana. Mama yangu mpaka leo hajui.

---

Profesa Maandazi

Nimesoma ule waraka. Ukurasa wa 14. Nitajisajili bima ya chuo muhula ujao. Tusiongee zaidi.

---

Mume wa Nansio

Wakuu naomba msaada haraka. Mke wangu anakuja kwa F-2, viza ya mwenza wa mwanafunzi, mwezi ujao, ana mimba ya miezi mitano. Nimkatie hiyo ya watalii kwanza halafu tutajua mbele?

---

Dada wa Zamu ya Usiku

Hapana, hapana, hapana! Za watalii karibu zote haziigusi mimba, hasa iliyokwisha kuingia. Nenda kesho ofisi ya bima chuoni, waulize wanamwongezaje mwenza. Vyuo vingine vimeacha kabisa kuwachukua wenza, ujue mapema. Wakikubali, muda ni mfupi, mara nyingi siku 30 tangu afike nchini. Wakikataa, angalia soko la bima la serikali. Mwenye viza ya mwanafunzi na mwenza wake yupo kihalali, kwa hiyo anaweza kununua pale, na kuhamia nchini ni sababu ya kufunguliwa dirisha la siku 60 la kujisajili. Aje na kadi yake ya kliniki na vipimo vyote vya huko. Na akiwa hajiamini na Kiingereza, hospitali inayopokea pesa za serikali lazima imtafutie mkalimani bila malipo. Kiswahili kipo, mara nyingi kwa simu au video. Usikubali wewe uwe mkalimani chumba cha kujifungulia, utazimia.

---

Mtu wa Leeds

Huku Uingereza wanafunzi tunalipa mbele, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, unazitoa siku ya kuomba. Inauma siku hiyo. Baada ya hapo daktari wa mtaa hadai, hospitali haidai. Dawa England ni pauni 9.90 kwa kila aina, Scotland na Wales bure. Shida yetu ni nyingine: watu hawajiandikishi kwa daktari wa mtaa mpaka waumwe, halafu wanalalamika. Jiandikishe wiki ya kwanza. Meno ni kivyake, hiyo pauni 776 haifanyi yawe bure.

---

Kijana wa Kisauni

Meno! Huku pia bima ya kawaida ya mtu mzima haijui mdomo una meno, wala uso una macho. Jino likikusumbua lizibe nyumbani kabla ya kupanda ndege. Na miwani nimetengeneza jozi mbili Mombasa kabla ya kuja, moja nimeikalia tayari.

---

Muhogo wa Barafu

Umenikumbusha dawa. Kwetu ukiumwa koo unaingia duka la dawa, unataja amoksilini, unapewa na maji ya kumezea. Huku hupati bila cheti cha daktari, na bei ya dawa ileile hutofautiana kati ya duka na duka mtaa mmoja. Mwambie daktari akuandikie ile isiyo na jina la kampuni, kisha uliza bei duka mbili tatu. Mwenye dawa za kila siku aje na za miezi mitatu, kwenye makopo yake halisi, na barua ya daktari.

Jambo jingine nililosita kuliandika. Januari ya kwanza sikuwa sawa. Jua linazama saa kumi na moja jioni, nilikuwa nalala siku nzima, simu ya mama naiangalia ikilia. Ushauri nasaha wa chuo changu ulikuwa umeshalipiwa ndani ya ada, vikao sita, na sikujua mpaka mwenzangu wa Nepal aliponishika mkono akanipeleka. Kama usiku umekuzidi, piga au andika ujumbe 988, namba ya msaada, saa yoyote. Haipitii bima.

---

Bwana Hesabu

Swali: nahitimu Mei, naanza kazi Septemba kwa OPT, kile kibali cha kufanya kazi baada ya kuhitimu. Bima ya chuo inakufa lini?

---

Binti Chuma

Angalia tarehe kwenye kadi, nyingi zinakwenda mpaka Agosti hata kama umehitimu Mei, nyingine zinakufa na muhula. Ikifa, kupoteza bima kunakupa siku 60 za kununua soko la serikali. Usikae hata wiki mbili bila kitu. Ajali haiombi ratiba yako.

---

Muhogo wa Barafu

Mrejesho niliouahidi. Ile kampuni ya daktari, dola 680: walikuwa wameandika sina bima kabisa. Nikawatumia picha ya kadi. Wakarudi kusema sawa unayo, lakini sisi hatuna mkataba nayo, lipa yote. Hapo ndipo nilipowatajia sheria iliyoanza kutumika Januari 2022, kwamba kwenye dharura daktari asiye na mkataba haruhusiwi kunidai zaidi ya mgawo ambao ningelipa kwa mwenye mkataba. Gari la wagonjwa la barabarani halimo kwenye sheria hiyo, mlijue. Daktari yumo. Yule dada kwenye simu akanyamaza kidogo, akasema anaituma upya kwa bima. Kwa muda wote huo sikulipa hata senti mpaka nipate kwanza karatasi ya bima, ile iliyoandikwa juu kabisa kwamba hii siyo bili. Watu wengi wanaitupa kwa sababu ya sentensi hiyo. Hiyo ndiyo ya kuweka pembeni ya bili na kulinganisha mstari kwa mstari, na bima ikikataa kulipa, una siku 180 za kukata rufaa.

Karatasi imekuja jana: bei iliyokubalika 240, mgawo wangu 48. Nimelipa 48. Jumla ya muhogo wote: dola 730.

---

Mume wa Nansio

Nimepiga namba ya nyuma ya kadi. Nimesikiliza muziki dakika 35. Wanamwongeza mke, fomu wamenitumia, nina mpaka siku 30 tangu afike. Na wamenitajia kliniki ya wajawazito yenye mkataba nao, iko kituo cha pili cha basi kutoka kwetu. Ninapita pale kila siku.